UZI: Madrasa anahifadhi, shuleni anasahau. Wana Kigoma, tuzungumze namna ya kusoma

Mdurusi (mwanzisha uzi)

Mwakeye wadau.

Uzi huu nauelekeza kwa wanafunzi wa sekondari wa hapa kwetu, hasa wa shule za kutwa, pamoja na wazazi wao. Nafundisha tuisheni ya jioni Ujiji. Kinachonikera ni hiki: kila mkutano wa wazazi watoto wanahimizwa wasome kwa bidii, lakini hakuna anayewaambia kusoma ni kufanya nini hasa.

Mtazame mwanafunzi aliyekaa na daftari la Biolojia tangu saa moja hadi saa nne usiku. Anapitisha macho juu ya notsi. Anapiga mstari kwa kalamu ya rangi. Akifika ukurasa wa mwisho anarudi wa kwanza. Ukimwuliza atakwambia anapiga msuli, na kweli amechoka, macho mekundu. Sasa lifunge daftari umwulize kongosho lina kazi gani. Anakutolea macho.

Mtoto huyohuyo mfuate madrasa. Anakusomea sura ndefu kwa kichwa na herufi hakosei. Watu husema dini ina baraka zake. Sikatai, ila tazameni na utaratibu wa maalimu. Hamwachi mtoto akodolee msahafu kisha aende zake nyumbani. Anamwita mbele, msahafu unafungwa, "haya, nisomee." Akikwama anakumbushwa neno moja, anaendelea. Kesho yake, kabla hajapewa aya mpya, anasikilizwa za jana. Na juzuu aliyoimaliza zamani haitupwi, inarudiwa kwa zamu, maana aliyehifadhi anajua isiporudiwa itamkimbia.

Kuna mambo mawili humo: kutoa kitu kichwani bila kukiangalia, na kukirudia baada ya siku kupita. Shuleni yote mawili hatuyafanyi mpaka siku ya mtihani, na siku hiyo tumechelewa.

Wanaochunguza kumbukumbu za binadamu wamefika palepale kwa njia yao. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha matokeo yake mwaka 1885 baada ya kujipima mwenyewe kwa silabi zisizo na maana. Aliona sehemu kubwa ya alichojifunza inapotea mapema sana, ndani ya siku ya kwanza, kisha upotevu unapungua kasi. Akaona pia kwamba kurudia kwa kuachanisha siku kunamfaa kuliko kurundika marudio yote kwenye kikao kimoja.

Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis, Marekani, waliwapa wanafunzi vifungu vya kusoma. Kundi moja lilisoma kifungu mara 4. Jingine lilisoma mara 1, kisha likaandika mara 3 kila linachokikumbuka bila kuangalia. Baada ya dakika 5, waliosoma mara 4 walikuwa mbele: asilimia 83 kwa 71. Baada ya wiki moja meza ilipinduka: waliosoma tu walikumbuka asilimia 40, waliojipima 61.

Hizo dakika 5 zitazameni vizuri, maana ndizo zinazowadanganya watoto wetu. Aliyerudia notsi mara nne analala akiamini ameiva. Na kwa usiku ule ameiva kweli! Mtihani wa Baraza la Mitihani ndio hauji usiku ule.

Mwaka 2013 John Dunlosky na wenzake walipitia mbinu 10 za kujisomea ambazo wanafunzi wanazitumia. Zilizopewa daraja la juu zilikuwa mbili tu, kujipima na kuachanisha vipindi. Kupiga mistari na kurudiarudia kusoma vilipewa daraja la chini. Wauza kalamu za rangi pale sokoni Mwanga watanisamehe.

Haya, kwa vitendo. Chukua mada moja, tuseme Jiografia, nguvu za ndani zinazounda uso wa dunia. Soma notsi mara moja kwa kuelewa. Funga. Chukua karatasi tupu uandike ulichobaki nacho, hata kama ni mistari mitatu, hata kama michoro imepinda. Dakika hizi zina karaha, na wengi wanakimbilia kuchungulia daftari. Usichungulie. Kule kusumbuka kutafuta ndiko kusoma kwenyewe. Ukikauka kabisa ndipo unafungua na kujazia yaliyokosekana kwa wino wa rangi nyingine. Hapo kalamu ya rangi ina kazi, maana keshokutwa unaanza na yale ya wino ule.

Na maswali yako yasiishie kwenye "ni nini". Jiulize kwa nini Ziwa Tanganyika ni refu, jembamba, na kina chake kinafika mita 1,470 hivi, wakati Ziwa Victoria ni pana sana lakini kina chake ni kama mita 80 tu. Moja limekaa kwenye ufa wa ardhi iliyokatika na kudidimia, jingine kwenye bonde la kina kifupi lililotokana na ardhi kupinda. Ukiweza kulieleza hilo kwa mdomo wako huku unaliangalia ziwa kutoka kilimani, mada nzima ya mipasuko ya ardhi umeishika.

Kuhusu ratiba. Nimeona ratiba nzuri ukutani, imechorwa kwa rula, saa kumi na moja alfajiri Fizikia, saa kumi na mbili Kemia. Haimalizi wiki. Nyumba zetu zina maji ya kuteka, wadogo wa kuogesha, mihogo ya kumenya, na umeme wenye hiari yake. Saa za ukutani haziheshimiwi na mtu. Kwa hiyo funga kusoma kwako kwenye jambo ambalo lipo tayari kila siku: baada ya swala ya isha, au vyombo vya usiku vikishaoshwa, kabla ya kufanya kitu kingine chochote. Sehemu ileile, mkeka uleule. Dakika 40 zinatosha kuanzia, mradi ziwe za daftari kufungwa. Simu iwe chumba kingine, siyo mfukoni na sauti imezimwa. Ikiwa karibu utaifikiria tu.

Kukesha siungi mkono, hata wiki ya mtihani. Usingizi ndio unaosaidia ubongo kukomaza ulichojifunza mchana. Anayekunywa kahawa hadi saa tisa usiku anakivuruga kilekile alichokitafuta.

Karibuni kwa maoni, maswali na upinzani.

---

Mgebuka

Shikamoo mwalimu. Nipo kidato cha tatu, tunakaa Kibirizi. Mama anafanya dagaa na mimi ndiye mkubwa. Vyombo vya uvuvi vikirudi alfajiri namsaidia kupokea na kuanika kabla ya shule, jioni kuanua. Usiku nikikaa na daftari nasinzia. Hiyo ya baada ya isha kwangu haipo.

---

Mdurusi

Marahaba mwanangu, na hongera kwa kumsaidia mama. Wewe ratiba ya wiki haikufai kwa sababu kazi yenu haiendi kwa wiki, inaenda kwa mwezi wa angani. Siku za giza vyombo vinaingia ziwani na taa. Mbalamwezi ikiwa kali dagaa hawaifuati taa, vyombo vinakaa nchi kavu. Basi weka taratibu mbili.

Siku za giza usijidai kusoma mada mpya nyumbani. Chukua vipande vya karatasi, swali upande mmoja na jibu upande wa pili, viweke mfukoni. Ukitandaza dagaa, toa swali moja, lijibu kwa sauti, ndipo ugeuze. Unarudia ya zamani tu. Njia ya kwenda shule jisimulie kipindi cha jana. Mbalamwezi ikifika ndipo unakaa chini na mada mpya na karatasi tupu. Na ziwa likifungwa kwa uvuvi kama 2024, Mei 15 hadi Agosti 15, hiyo ni neema yako ya masomo hata kama mfukoni ni msiba.

Halafu kuna muda hujautaja. Shule ikitoka huwa unaondoka na wenzako papo hapo? Muombe mwalimu wa zamu ubaki darasani nusu saa. Darasa tupu lina meza, lina mwanga, na halina dagaa.

---

Mgebuka

Kubaki inawezekana siku ambazo hatuna fagio. Ahsante mwalimu.

---

Kigogo wa Mwanga

Mkuu, heshima yako, lakini unachotangaza ni kukariri kwa jina jipya. Tumepigia kelele kukariri miaka yote, leo unatuletea madrasa kama mfano! Mtoto wa madrasa anasoma Kiarabu asichokielewa. Mtihani unamwambia "jadili", "tofautisha", "toa sababu". Atajadili na nini?

---

Mdurusi

Ndugu yangu, hoja yako ni nzito na nimeitarajia. Sikuleta madrasa kwa ajili ya kinachosomwa, nimeileta kwa namna kinavyosikilizwa. Qur'ani inatakiwa itoke neno kwa neno, Kemia haitakiwi hivyo. Lakini hata wa kujadili, atajadili na kitu kilichomo kichwani. Mtu asiyekumbuka sababu za wakoloni kuja Afrika Mashariki hawezi kuzipima ipi ilikuwa nzito.

Tofauti inakuja kwenye swali unalojiuliza daftari likiwa limefungwa. Ukijiuliza "taja sababu tano" utabaki na orodha. Ukijiuliza "kwa nini hii na siyo ile, na kama isingekuwapo ingekuwaje" utalazimika kuunganisha mambo. Zote mbili zinatolewa kichwani bila kuangalia. Ninachopinga ni kutazama notsi kama mtu anayetazama picha ya harusi ya jirani.

---

Kigogo wa Mwanga

Hapo sawa. Ila walimu wengi wanatoa mazoezi ya "taja" tu. Mtoto maswali ya "kwa nini" atayatoa wapi?

---

Mdurusi

Mitihani ya nyuma ya Baraza. Na Taasisi ya Elimu ina maktaba ya mtandaoni yenye vitabu vya kiada, mtoto anaweza kuvifungua kwa simu ya mzazi bila kununua. Mwisho wa sura kuna maswali, wengi wanayaruka kwa sababu mwalimu hakuyatoa darasani.

---

Reli ya Kati

Habari zenu. Mimi ni wa Kasulu, nimemaliza kidato cha sita Tabora, bweni, PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia). Naomba nichangie kidogo na nimpinge mwalimu kidogo.

Bweni mnaliona rahisi kwa sababu kuna prepo kila usiku. Prepo ni saa za kukaa, siyo lazima ziwe za kusoma. Mko watu wengi darasani, mmoja anasuka, mwingine anasimulia, mwenye bidii anachora kichwa cha habari kwa rangi tatu. Walionizidi walikuwa wale wanaoingia na swali mkononi, siyo wanaoingia na daftari.

Karatasi za maswali nilizitumia kwa makopo matatu, mtindo ulioenezwa na Sebastian Leitner mwaka 1972, ingawa sisi tulikuwa tunatumia makopo ya maziwa. Swali ulilolikosa linakaa kopo la kwanza, unalikuta kila siku. Ukilipata linahamia la pili, unalikuta baada ya siku kadhaa. Ukilipata tena linaenda la tatu, la wiki. Ukilikosa wakati wowote linarudi la kwanza. Kwa Biolojia ni dawa.

Ninapompinga mwalimu ni Fizikia na Hisabati. Huwezi kuandika fomula kwenye kikaratasi ukasema umesoma. Kule unasoma kwa kukokotoa, na siri iko kwenye kuchanganya. Sisi tulizoea kufanya maswali ishirini ya mada moja mfululizo, la tatu kuendelea unaiga la pili. Kwenye mtihani maswali yamechanganywa, hakuna anayekunong'oneza kwamba hili ni la mada gani. Kuna Wamarekani wawili, Rohrer na Taylor, walipima hili mwaka 2007 kwa maumbo na ujazo wake. Waliofanya mada mojamoja walipata asilimia 89 wakati wa mazoezi, waliochanganya 60. Wiki moja baadaye waliopanga mojamoja walipata 20, waliochanganya 63.

---

Mdurusi

Dada, hujanipinga, umenikamilisha. Nimesahau kabisa kusema la kuchanganya. Wanafunzi someni bandiko la huyu dada mara mbili. Au mara moja, kisha mfunge simu mjisimulie.

---

Kopo la Tatu

Mwalimu ukiendelea hivi utafuta ajira za walimu wa tuisheni wewe mwenyewe ukiwemo 😂

---

Mama Wawili

Jamani, mie ni mzazi, elimu yangu ni darasa la saba. Mwanangu kaingia kidato cha kwanza. Darasa la saba alikuwa wa kwanza au wa pili, sasa kila somo Kiingereza na kanyamaza. Anaandika notsi nzuri mno, ukimwuliza zinasema nini anakwambia "mama, ni Kiingereza." Hayo ya kufunga daftari atatoa nini kichwani wakati hakuna kilichoingia? Na mimi nimsaidieje hali mimi mwenyewe sijui?

---

Mdurusi

Mama, swali lako limepita yote yaliyoulizwa hapa. Mtoto aliyesoma miaka saba kwa Kiswahili anavushwa ng'ambo kwa mkupuo mmoja, na wengi wanaokoka kwa kunakili. Anakili ubaoni, anakili kwa mwenzake, anakili hadi mtihani, na hakuna anayegundua mpaka matokeo ya kidato cha pili.

Kwanza, kwake kusoma kuwe na hatua moja zaidi mbele. Akitoka shule asianze kurudia notsi. Achague aya moja tu ya somo la siku ile, na kamusi, na atafute maneno matano yanayomzuia. Asitafute yote, atachoka. Kisha aieleze aya ile kwa Kiswahili mpaka imwingie. Jambo likishaeleweka kwa Kiswahili, ndipo aliandike kwa Kiingereza chake mwenyewe, sentensi fupi, daftari limefungwa. Kiingereza kibovu chenye maana kinarekebishika. Kiingereza kizuri cha kunakili hakina cha kurekebisha.

Pili, wewe. Usijidharau kwa darasa la saba. Wewe ndiye msikilizaji bora kuliko mimi, kwa sababu hujui jibu. Ukiwa unachambua mchele au unakaanga migebuka, mwambie "nifundishe ulichosoma leo." Akieleza, kazi yako ni maneno mawili tu, "kwa nini?" na "halafu?" Akikuchanganya mwambie hujaelewa, arudie. Usimsaidie, usimkaripie, usimwambie mbona mtoto wa fulani anajua. Pale anapojikanyaga ndipo ambapo hajaelewa, na yeye mwenyewe atapaona kabla yako. Kesho mwulize tena ya leo kabla hajakupa mapya, kama anavyofanya maalimu.

---

Mama Wawili

Hilo naliweza mwalimu. Nitaanza leo na hiyo "halafu". Ila ana maneno mengi huyu mtoto, atanichosha.

---

Reli ya Kati

Akikuchosha mama ujue anaelewa 😀 Akiwa kimya ndiyo uwe na wasiwasi.

---

Msuli wa Gungu

Mwalimu shikamoo. Mimi ni kidato cha nne, Novemba ndiyo hii. Haya ya kuachanisha siku yananipita, muda sina. Mtihani wa majaribio wa mkoa Hisabati nimepata 19. Niache Hisabati nikomae na mengine au? Diskasheni tunafanya kila Jumamosi, tuko tisa.

---

Mdurusi

Marahaba. Usiiache. D inaanzia 30, kutoka 19 pale hapahitaji miujiza, panahitaji kuchagua. Huna muda wa mada zote za miaka minne. Chukua ulizowahi kuzielewa hata nusu. Wengi huwa ni seti, takwimu, uwezekano, mahesabu ya biashara na matriki. Hizo zikianza kukupa alama, ndipo uongeze vekta na trigonometria.

Kila siku fanya maswali manne kutoka mada nne tofauti, yaliyotolewa kwenye mitihani ya nyuma, bila kuangalia mfano. Uliyokosa yaandike kwenye daftari la peke yake: swali, kosa lilipoanzia, njia sahihi. Baada ya siku tatu urudie swali lilelile kwenye karatasi tupu. Kuachanisha hakudai miezi, hata wiki mbili zinatosha kuachanisha. Jumapili moja kaa na karatasi nzima ya saa 3, saa mezani, hakuna kuinuka kunywa maji. Usahihishe mwenyewe kwa ukali kuliko msahihishaji.

Diskasheni ya watu tisa ni baraza la kahawa. Gawaneni wanne na watano. Kila mtu apewe mada tangu Jumatano, Jumamosi asimame mbele bila daftari, wengine wawe na daftari na wamkatishe kwa maswali. Asiyejiandaa arudi nyumbani, urafiki wenu utapona. Na isiwe yule mjuzi wenu mmoja ndiye anayefundisha kila wiki, maana anayesoma pale ni yeye peke yake.

---

Msuli wa Gungu

Kweli kuna mjuzi mmoja na sisi tunaandika tu. Nianze na ipi kati ya hizo? Takwimu naijua kidogo, matriki nilikuwa naipenda.

---

Mdurusi

Anza na matriki kesho jioni, unayoipenda itakutia moyo. Fanya maswali mawili ya matriki, moja la takwimu, moja la seti. Piga picha ulichofanya, na makosa yake yote usiyafute, weka hapa. Reli ya Kati naomba unisaidie kuyapitia, mimi keshokutwa nina darasa mpaka usiku.

---

Reli ya Kati

Nipo. Weka tu, hata yakiwa na fujo.